Istilahi za Isimu Zikionyeshwa Kazi: Uzoefu wa Darasa la Jioni Tanga

Kijana wa pwani anayeingia kidato cha kwanza anayo sarufi nzima kichwani, ila hajui majina ya vitu vilivyomo ndani yake. Anajua kuwa watu husema "kitabu kimepotea", hawasemi "kitabu amepotea", na hilo hajapata kulikosea tangu alipoanza kuongea. Ukimuuliza sababu, anakutazama tu. Hakuna aliyemwambia kwamba ile "ki-" ya kwenye kitenzi ni kiambishi cha upatanisho, kwamba ina kazi yake maalumu, na kwamba zipo lugha zinazoifanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Kisha ghafla masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, naye anaanza kukariri.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Makorora, mjini Tanga. Wanaokuja kwangu wengi ni reseta, yaani wanaorudia mtihani, na watahiniwa wa kujitegemea, wapo wa HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) wanaotaka kujinoa, na siku hizi wanakuja pia watu wazima wenye kazi zao: kijana wa bodaboda anayeegesha Ngamiani, dada wa mapokezi kwenye hoteli moja ya Raskazone, mzee aliyestaafu ukarani bandarini. Kwa miaka yote hiyo jambo moja limenikaa moyoni, nalo ni kwamba istilahi za isimu, yaani za taaluma ya lugha, zinasaidia kweli, lakini kwa sharti moja. Mwanafunzi lazima aione kila istilahi ikifanya kazi ndani ya Kiswahili chake kwanza, ndipo avuke nayo kwenda Kiingereza. Mara nyingi ubaoni huandikwa fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, kila moja na maana yake ya mistari miwili. Darasa linanakili, linajibu mtihani, na nje ya darasa kijana yule yule anasema "I was stolen my phone". Maana ameikariri, kazi hajaiona.

Mimi huanza na sauti, na istilahi ya kwanza ni fonimu: sauti ambayo ukiibadilisha, neno linakuwa jingine. Kiingereza bado sikigusi. Naandika mahali na mahari, darasa linasoma. Hapa pwani hakuna asiyejua kuwa moja unakwenda na nyingine unaitoa ukiposa. Kilichoyatenga maneno hayo ni l na r tu. Vitabu vya isimu huyaita maneno ya namna hii jozi mlinganuo finyu, na wanafunzi hulipenda jina hilo refu, wanalitamka kwa raha. Nawaacha watafute jozi zao wenyewe: pata na bata, fua na vua, kula na kura. Wakishachangamka ndipo nawaletea "ship" na "sheep", "full" na "fool", "bed" na "bad".

Hapo kazi inaanza. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha lafudhi sanifu ya Uingereza kwa kawaida huhesabiwa irabu 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine, na konsonanti 24. Jumla ni fonimu 44, na herufi za kuziandikia ni 26 tu. Lazima herufi moja ibebe mizigo kadhaa. Angalia "a" ya "cat", ya "car", ya "cake", ya "call" na ya "about": ni sauti tano, herufi moja. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, akazoea kuwa kinachoandikwa ndicho kinachosomwa, anaona Kiingereza kimevurugwa makusudi. Nimewaona wanaokata tamaa hapo hapo na kusema Kiingereza hakina utaratibu.

Kinachowarudishia moyo ni kuwatenganishia mambo mawili ambayo shuleni huchanganywa: herufi ni ya jicho, fonimu ni ya sikio. Na historia inasaidia. William Caxton alipoleta mashine ya kuchapia vitabu Uingereza mwaka 1476, maandishi yalianza kutulia, lakini vinywa vya watu havikutulia. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya nyingine, tahajia ikabaki nyuma. Ile "k" ya "knife" zamani ilitamkwa. Ile "gh" ya "night" nayo ilitamkwa, kwa sauti inayokaribiana na "kh" tunayoisikia kwa mzee anayesema "kheri" kwa makhraja yake. Mwanafunzi akishajua kuwa herufi hizo ni mabaki ya matamshi ya kale, hasira inapungua. Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu walihitaji alama ambazo kila moja inasimamia sauti moja popote duniani. Chama kilichoasisiwa Paris mwaka 1886 ndicho kilichotengeneza alfabeti ya kifonetiki tunayoikuta kwenye kamusi. Silazimishi darasa kuijua yote. Inatosha wajue kusoma alama za irabu, na ile "e" iliyopinduliwa inayoitwa shwa, kwa sababu shwa ndiyo irabu inayosikika zaidi ya zote katika Kiingereza na Kiswahili hatuna. Iko mwanzoni mwa "about", mwishoni mwa "teacher", na kwenye "banana" iko mara mbili.

Kuna sehemu ambayo watu wa Tanga tumebahatika, na napenda kuisema kwa sauti darasani. Walimu wengi huhangaika na "th" ya Kiingereza. Sisi sauti hizo tunazo. Anayesema "thelathini" sawasawa ameshamaliza "think". Anayesema "dhahabu" bila kuigeuza "zahabu" ameshamaliza "this". Tofauti ya hizo mbili ni kitu kimoja, nacho ndicho istilahi ghuna inachokitaja: nyuzi za koo zinatetemeka au hazitetemeki. Weka vidole kooni useme "th" kwa kuivuta, kisha "dh" kwa kuivuta. Kiingereza kinaziandika zote mbili "th", Kiswahili kimezipa kila moja maandishi yake.

Kabla hatujaacha sauti, huwa naweka pale "an hour" na "a university". Kanuni waliyoikariri shuleni inasema "an" hutangulia irabu, nao wanashangaa "h" imepataje "an" na "u" imepataje "a". Asiyejua tofauti ya herufi na fonimu hapo hatoki. Anayeijua anatamka tu: "hour" linaanza na sauti ya irabu, "university" linaanza na sauti ya "y" kama ya "yule". Jambo limekwisha, wala halina haja ya kukaririwa.

Mofimu ndiyo istilahi ninayoipenda kuliko zote, na kwayo natumia muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Naandika neno moja ubaoni, linajaza upana wote: hawatakupikia. Kisha tunalichana vipande. Ha- ya kukanusha. -wa- ya watenda. -ta- ya wakati ujao. -ku- ya wewe unayetendewa. -pik- ambao ndio mzizi. -i- ya kufanya jambo kwa ajili ya mtu. -a ya kumalizia. Vipande saba, na kila kimoja kina maana au kazi yake, hukigawi tena kikabaki na maana. Hizo ndizo mofimu. Chini yake naandika "they will not cook for you", naomba mtu aje aunganishe kwa mistari: -wa- kwenda "they", -ta- kwenda "will", ha- kwenda "not". Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba lugha mbili zina kazi zile zile, ila moja inazifunga ndani ya neno moja na nyingine inazipanga kama maneno yanayosimama peke yake. Kijana wa bodaboda aliwahi kusimama muda mrefu mbele ya ule ubao, halafu akauliza, "Ticha, kwa hiyo sisi maneno yetu ni sentensi?" Nikamjibu ndiyo, mara nyingi kitenzi chetu kimoja ni sentensi kamili. Swali lake lilikuwa limefika kule vitabuni wanakokuita uainishaji wa lugha, na alifika mwenyewe.

Mfano wa kipilefti nao siuachi. Madereva wa Kiingereza walioandikiwa "keep left" kwenye mzunguko wa barabara hawakujua kuwa sisi tutasikia "ki-" ya kitu na kitabu. Tukaisikia, tukasema kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Kilabu nacho kikawa vilabu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Masikio yetu yalitafuta mofimu ya ngeli, yakaiona mahali ambapo Kiingereza hakikuiweka. Mtu akilielewa hilo, ameelewa kwamba mofimu ni kitu halisi kilicho kichwani mwa wasemaji, wala si jambo la wenye shahada tu.

Baada ya hapo alomofu haiwi ngumu. Ngeli ya ki- ina "kitu", "kiti", "kisu", lakini pia ina "chombo", "chakula", "cheo". Ni mofimu ile ile, sura mbili, na kinachoamua ni sauti inayofuata. Mara nyingi mzizi ukianza na irabu, ki- inageuka ch-. M- ya "mtoto" inakuwa mw- kwenye "mwalimu". Uzi unakuwa nyuzi, ubao unakuwa mbao, ulimi unakuwa ndimi. Wote wanayafanya hayo kila siku. Nikifika kwenye wingi wa Kiingereza nawaambia warudishe vidole kooni. Semeni "cats". Semeni "dogs". Semeni "buses". Wanasikia wenyewe: ya kwanza inaishia na "s" kavu, ya pili inaishia na "z" inayotetemesha koo, ya tatu imeongeza irabu ndogo katikati. Jicho linaona "s" pote, sikio linapata tatu. Kinachoamua ni fonimu ya mwisho ya neno: kama haina ughuna, s, kama ina ughuna, z, kama ni sauti kama s, z, sh, ch au j, inaongezwa irabu ili watu waweze kutamka. Wakati uliopita unafuata njia hiyo hiyo: "walked" inaishia na t, "played" inaishia na d, "wanted" inaongeza irabu. Ndiyo maana anayesema "wal-ked" kwa silabi mbili anasikika mgeni, na anayesema "wan-ted" kwa silabi mbili yuko sawa. Dada wa hoteli alikuwa wa kwanza kuinua mkono: "Mwalimu, hii si ndiyo ile ile ya ki- na ch-?" Ndiyo hiyo hiyo.

Kuna pia mofimu kapa, ambayo haina sauti kabisa. Wanafunzi huiona kama mchezo wa maneno mpaka wakumbuke paka. Paka mmoja, paka wawili. Neno halikubadilika, ila tunasema paka huyu na paka hawa. "Sheep" ya Kiingereza ni hivyo hivyo: "this sheep", "these sheep". Wingi upo, umejificha, na unajitokeza kwenye jirani yake.

Mkazo nitausema kwa kifupi ingawa mazoezi yake ni marefu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, isipokuwa machache kama barabara lenye maana ya sawasawa. Ukiongeza -ni kwenye "nyumba", mkazo unasogea ili ubaki pale pale pa pili kutoka mwisho. Kiingereza nacho husogeza, lakini kwa kanuni nyingine: "photograph" ina mkazo mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Na mkazo wake unaweza kugeuza aina ya neno. "Record" ukiukaza mwanzo ni nomino, ukiukaza mwisho ni kitenzi. Silabi isiyo na mkazo inafifia mpaka inakuwa shwa, na hapo ndipo Mswahili anayetamka kila irabu kwa ukamilifu anapompotea msikilizaji wa Kiingereza.

Tukiingia kwenye sentensi, kiima, yaani yule au kile kinachotenda au kusemwa habari zake, na upatanisho ndivyo vinavyosuluhisha makosa mengi zaidi. Anayesema "My father he works at the port" hajakosa akili. Amefuata Kiswahili chake kwa uaminifu: baba yangu a-nafanya kazi. Ile a- ni lazima kwetu, kiima kitajwe kisitajwe. Kwa hiyo anapotafsiri anaitafutia nafasi, anaiweka "he". Na anayesema "Is raining" naye anafuata Kiswahili, kwa sababu kitenzi chetu kinajitosheleza kwa kiambishi, kiima cha neno zima kinaweza kukosekana. Kiingereza kinataka kiima kimoja, kisipungue, kisizidi. Kama hakuna mtenda, kinawekwa "it" kishike nafasi. Nikimweleza mtu hivi kwa istilahi zake, anajisahihisha mwenyewe wiki nzima. Nikimwambia tu "usiseme he", kesho anairudia.

Njeo na hali zinastahili nafasi zaidi, kwa sababu hapo vitabu vingi vya shule vinazichanganya zote chini ya jina "wakati". Njeo inasema jambo liko wapi ukilipima na sasa: lilipita, lipo, linakuja. Hali inasema jambo lenyewe likoje: linaendelea, limekamilika, hufanyika kila mara. Kiswahili kina viambishi vizuri mno vya kuonyeshea tofauti hiyo. -li- ni njeo. -me- ni hali timilifu. Hu- ni hali ya mazoea, haisemi lini hata kidogo. Tatizo ni ile -me-, maana wengi wamefundishwa kuwa -me- ni "have", wakaishia hapo.

Dada wa hoteli aliwahi kupokea simu ya kumuulizia mgeni mmoja. Akaenda, akarudi, akajibu, "He has slept." Aliyepiga akauliza basi ameamka saa ngapi. Yeye akabaki ameduwaa, kwa sababu alichotaka kusema ni kwamba mgeni amelala, yuko usingizini sasa hivi. Tulilifanyia kazi jambo hilo darasani kipindi kizima. Tukaandika: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka. Kila moja linasema mtu ameingia katika hali fulani na bado yumo. Kiingereza kwa hali hizo hakitumii "has". Kinasema "he is asleep", "he is sitting", "he is standing", "he is wearing a shirt", "he is tired". Sasa weka pembeni: amekula, amefika, amesoma. Hapo "has eaten", "has arrived" na "has read" zinakaa vizuri. Kwa hiyo -me- yetu moja inakwenda njia mbili, na kinachoamua ni maana ya kitenzi: je, kinataja kuingia katika hali, au kukamilisha tendo? Halafu kuna "nimemwona jana", ambayo mtaani tunaisema bila shaka yoyote. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha, unarudi kwenye njeo iliyopita: "I saw him yesterday". Sijaona kitabu cha shule kinachopanga jambo hili kwa kuanzia kwenye -me-, na kwa maoni yangu kila mwalimu wa Kiingereza nchini angepaswa kuanzia hapo.

Kauli nazo zina utajiri wao. Turudi kwa yule anayesema "I was stolen my phone". Kwa Kiswahili nimeibiwa simu ni sahihi kabisa. Chana: ni-me-ib-i-w-a. Ile -i- ni ya kutendea, imemleta mtu aliyeathirika kwenye tendo. Ile -w- ya kutendwa ikampandisha mtu huyo akawa kiima. Simu ikabaki nyuma kama yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kiingereza hakina -i- ya namna hiyo. "Steal" yambwa yake ni kitu kilichochukuliwa, kwa hiyo kauli ya kutendwa inakipandisha kitu: "My phone was stolen". Ukitaka mtu awe kiima, inabidi ubadilishe kitenzi uchukue "rob": "I was robbed". Kijana wa bodaboda aliyekuwa amepoteza simu kweli wiki ile alizisema sentensi zote mbili bila kusita. Nimefiwa nayo ni hivyo. Kwetu -f-i-w-a inawezekana na ina heshima yake. Kwa Kiingereza "die" ni kitenzi kisicho elekezi, hakina yambwa ya kupandishwa, basi kauli ya kutendwa haipatikani. Wanasema "I lost my father".

Nomino zinazohesabika na zisizohesabika hazinichukui muda. Maji kwetu yako kwenye ngeli yenye sura ya wingi, maji haya, ndiyo maana mtu anasema "these waters". Habari kwa maana ya "information", ushauri ("advice") na samani ("furniture") kwa Kiingereza hazichukui "s". Hayo ni ya kuzoea tu, kanuni haisaidii sana.

Pragmatiki, yaani maana inayotokana na muktadha, wanafunzi huiogopa jina lake. Nawauliza: mgeni akibisha hodi, ukamwambia "mlango uko wazi", umemwarifu juu ya mlango? Wote wanasema hapana, umemkaribisha. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, ndiye aliyewafanya watu wa Uingereza walitazame jambo hili kwa makini: kusema ni kutenda. Anayeuliza mezani "Can you pass the salt?" anaomba chumvi. Umbo ni swali, tendo ni ombi. Mtu aliyelelewa pwani, ambako ombi hutanguliwa na salamu, na salamu ya mkubwa ina jibu lake, haya anayajua tangu utotoni. Anahitaji tu kujua kuwa Kiingereza kinaweka adabu yake mahali pengine, kwenye "could", kwenye "would", kwenye swali badala ya amri.

Istilahi lahaja niliileta darasani kwa sababu ya binti mmoja wa Tongoni. Kwao wanazungumza Kimtang'ata, na huku mjini wenzake walikuwa wakimcheka. Alipokuja kwangu alikuwa haongei, si Kiingereza wala Kiswahili. Nikalifundisha somo la lahaja kwa darasa zima. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua mbele ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Ulikuwa uamuzi wa watu, kwa sababu za elimu na utawala. Kimtang'ata hakikupungukiwa kitu, kina fonimu zake, mofimu zake, kanuni zake. Kiingereza sanifu nacho kilikua kutokana na lahaja za London na maeneo ya jirani, kwa sababu mahakama, biashara na wachapaji walikuwa huko. Waingereza walio wengi hawatamki kwa ile lafudhi tunayoifundishwa kwenye kanda za kusikiliza. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ni mtoto wa pwani hii hii ya Tanga. Binti yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuwatajia wenzake maneno ya kwao, wao wakauliza, yeye akafafanua. Kuanzia hapo alianza kuongea, na Kiingereza kikaongezeka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Sasa hivi tuko kwenye vishazi tegemezi na virejeshi. Kiswahili hupachika kirejeshi ndani ya kitenzi: mtu ali-ye-kuja, shehena ili-yo-fika. Kiingereza kinakitoa nje: "the man who came". Hapo hapana shida. Shida ilikuja nilipoandika "the cargo I counted", shehena niliyoihesabu. Mzee wa bandarini akainua kidole.

"Mwanangu, hapo -yo- yetu imekwenda wapi? Mbona 'which' haipo?"

"Wanaruhusu kuiacha, mzee."

"Basi na 'the cargo arrived' nayo ni shehena iliyofika?"

Nikamwambia hapana, hiyo ni "shehena ilifika" tu, ukitaka iliyofika lazima useme "the cargo which arrived". Akaziandika zote mbili kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine, akapigia mstari kitenzi katika kila moja. Darasa likangoja. "Kwenye hii ya kwanza," akasema, "anayehesabu ni mimi, shehena inahesabiwa. Kwenye hii ya pili shehena yenyewe ndiyo inayofika." Nikamuuliza basi "which" inasimamia nini katika kila moja. Akafikiri. "Ya kwanza yambwa. Ya pili kiima." Na ipi inayoweza kuachwa? "Yambwa," akajibu, akageuka kuwaelezea vijana wa nyuma ambao hawakuwa wamesikia vizuri.